Alama Aliyoambiwa Aifute

Nitasema mapema ili usije ukanitegemea mema: mimi nilitaka yule bwana aumbuke. Sikutaka aonywe wala apate funzo. Nilitaka aumbuke mchana kweupe, mbele ya watu aliowavalia suti, na mimi niwe nimesimama karibu nione jasho linavyomtoka. Nina karakana ya mabango nyuma ya soko, mlango wa bluu. Nakata plastiki, nabandika, natundika. Kwa miaka kumi na sita nilimfanyia kazi, na miaka yote hiyo aliniita Mikono. "Mikono, leta ngazi." "Mikono, usiulize, kata tu, kichwa niko mimi." Jina langu alilijua vizuri.

Nasi tulikuwa na jina lake. Tulimwita Manukato, kwa sababu harufu yake ilifika kabla yake na ilibaki baada yake. Alikuwa na ofisi ya ubunifu wa michoro ghorofa ya tatu, vioo kila upande, zulia ambalo ulitakiwa kulikanyaga kana kwamba unaliomba radhi. Nembo za maduka, vifuniko vya vitabu, mabango ya barabarani, vyote vilitoka pale. Yeye mwenyewe sijawahi kumwona ameshika penseli ila kwa kujikunia sikio.

Lakini hadithi hii si yake, hata kama alizoea kujitwalia hadithi za watu. Hii ni ya Nusu.

Nusu ndiye aliyekuwa akichora. Jina alilipata darasa la pili, mwalimu alipopita dawati kwa dawati akimuuliza kila mtoto kwao ni wapi. Wenzake walijibu kwa neno moja wakaketi. Yeye alisimama akaeleza: upande wa baba wametoka kule, upande wa mama wametoka kwingine kabisa, yeye amezaliwa hapa, ila wenye hapa humwambia si wa hapa. Mwalimu alichoka kusikiliza. "Kwa hiyo wewe ni nusu nusu," akasema. "Kaa chini." Jina likaganda. Alipokua akalitwaa mwenyewe, akawa analitia kwenye pembe ya kila kazi yake, kwa ubishi tu. "Walinipa wakidhani wananipunguza," aliniambia. "Sasa acha walisome."

Kwao nimefika mara nyingi. Ni nyumba ya vyumba vitatu, na katika kimoja walilala bibi zake wawili. Baba yake alikuwa fundi friji, mama yake alishona kiwandani, wote wakitoka alfajiri na kurudi wamechoka. Nyumbani walibaki bibi wawili na mtoto mmoja. Bibi mzaa baba kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, kwa hiyo akaitwa Bibi Dirishani. Bibi mzaa mama alilala karibu na mlango, akaitwa Bibi Mlangoni. Kila mmoja aliingia mjini akiwa mtu mzima na lugha yake moja mdomoni, na hakuna aliyejua hata neno la mwenzake. Lugha ya mtaani nayo hawakuwa nayo bado. Wote walikuwa wajane, wote walizoea kutawala jiko, na jiko lilikuwa moja. Vita ilikuwa ya kila siku lakini haikuwa na matusi, maana tusi lisiloeleweka halina utamu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa shuka. Bibi Mlangoni alilala amejifunika gubigubi, uso na vyote, kwa ajili ya mbu. Chandarua alikikataa, alidai kinamziba pumzi, na shuka puani ndilo halikumziba. Sasa kwa akina Bibi Dirishani, mtu aliye hai hafunikwi uso. Uso hufunikwa mara moja tu, na mwenye uso hajui. Basi kila alfajiri Bibi Dirishani alifumbua macho, akamwona mwenzake amelala vile, moyo ukamruka, akaenda akalivuta shuka kwa nguvu. Mwenzake aliamka akinung'unika kwa lugha yake. Wakaendelea hivyo miaka ishirini na mitano.

Katikati ya wazee hao alikuwa Nusu, miaka saba, anajua lugha zote mbili na hana muda wa kucheza. Kila neno lilipita kwake. Alipokwenda shule, jiko lilibaki bila mkalimani, ndipo akaanza kuchora kwenye ubao mweusi nyuma ya mlango wa jikoni: sufuria ipi isiguswe, maji yanakatika saa ngapi, nani anarudi na nani. Siku moja alichora kuku na kisu. Alitaka kusema kisu kifichwe, kwa sababu kuku alikuwa wa jirani na jirani alikuwa amelalamika. Bibi Dirishani akaficha kisu, na Bibi Mlangoni akakitafuta mpaka akakipata. Jioni kuku wa jirani alikuwa ndani ya sufuria.

Baada ya balaa lile bibi hao wawili waliketi na kukubaliana jambo lao la kwanza, kwa mikono na kwa macho. Mchoro wowote, kabla haujabaki ubaoni, kila mmoja atakuja peke yake na kumnong'oneza mtoto anachokiona. Kauli zikilingana, mchoro ubaki. Zikigongana, ufutwe, uchorwe upya. Mkali alikuwa Bibi Dirishani, ambaye alisimama na kitambaa kibichi mkononi. Neno la kwanza alilojifunza la lugha ya mtaani, kabla hata ya maji, lilikuwa "futa".

Hiyo ndiyo shule aliyosoma Nusu. Ile nyingine ilimpa karatasi tu. Alipoajiriwa kwa Manukato hakuwahi kuruhusu kazi itoke kabla hajaipitisha kwa watu wawili wasio na lugha moja, kila mmoja peke yake. Alichapisha michoro kwenye kadi, akaitia ndani ya kopo la biskuti, akazunguka nayo: mpakia mizigo huyu, mama wa mitumba yule, na mwisho kabisa bibi zake. Kwa penseli aliandika nyuma ya kadi kila mmoja alichosema. Mtu akimsifia mchoro alimtazama kwa mashaka. "Wewe umeuelewa kwa sababu unafanana na mimi," alikuwa akisema. "Niletee mtu asiyefanana na mimi."

Manukato aliona huo ni ushamba. "Unatembeza michoro sokoni kama muuza nyanya," alimwambia mbele yetu. "Mchoro mzuri ni mzuri tu. Macho hayana kabila."

"Macho hayana, bosi," Nusu akajibu. "Mwenye macho analo."

Kisha ikaja kazi ya hospitali mpya. Matroni wa pale, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alitaka alama arobaini za picha tupu, bila herufi hata moja. Wagonjwa wake walitoka kila upande na kila lugha, wengine hawakusoma, na alichoka kuwakuta watu wamepotea kwenye korido. Kazi ile ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo cha Nusu. Aliifanya miezi minane. Alikonda, akagombana na mchumba wake, akasahau siku yake ya kuzaliwa.

Michoro thelathini na saba ilipita kwa bibi zake bila tatizo. Mitatu ikaanguka. Wa kwanza ulikuwa wa maabara: kikombe na tone moja, kwa maana ya kutolea mkojo. Wote wawili walilingana, ila kwa kosa: ni maji ya kunywa. Wa pili ulikuwa wa kupimia watoto uzito, mtoto juu ya mizani, na Bibi Mlangoni akauliza kwa hofu kama hospitali inawauza kwa kilo. Wa tatu ulikuwa wa chumba cha kupumzikia ndugu wa wagonjwa. Nusu alichora mtu amelala kitandani, amefunikwa shuka gubigubi. Bibi Mlangoni akasema, "Huyu amelala vizuri, mbu hawamwoni." Bibi Dirishani aliitazama kadi, akaigeuza kifudifudi kwenye goti lake. "Huyu amekufa. Futa."

Nusu alijicheka mwenyewe. Mtoto aliyekulia katikati ya ugomvi wa shuka, akasahau shuka. Akairekebisha papo hapo kwa penseli: mtu ameketi, viatu kando, kichwa kimeegemea kiganja. Bibi wote wawili, kila mmoja peke yake, wakasema amechoka anapumzika. Ilikuwa Ijumaa. Marekebisho ya ile mitatu yalikuwa kwenye kadi, ndani ya kopo la biskuti, na angeyaingiza kwenye kompyuta Jumatatu.

Jumatatu alikuta Manukato ameshapeleka kazi. Alikuwa amefungua kompyuta ya Nusu Jumamosi, akachukua mafaili yote arobaini jinsi yalivyokuwa, akalifuta neno Nusu pembeni mwa kila moja, akaweka jina lake mwenyewe. Nusu alipouliza, alimjibu bila hata kuinua macho. "Wateja wakubwa wanataka mtu mwenye kwao. Wewe nitawaambia kwenu wapi?"

Hilo angelimeza. Ameshameza mengi. Lakini Alhamisi gazeti likatoka na picha ya Manukato ameshika penseli, na chini yake maelezo aliyoyatoa kwa mdomo wake: kwamba alilelewa katika nyumba ya lugha mbili, na bibi wawili wasioelewana, na kwamba akiwa mtoto aliwachorea ubaoni. Mtu huyu alikulia nyumba moja yenye lugha moja na bibi mmoja, ambaye sote tulijua kwamba hakwenda hata kumzika. Nilisoma gazeti lile nikiwa nimesimama karakanani, na kisu kikapita mstari, nikaharibu kipande kizima cha plastiki.

Nusu alimpelekea gazeti mezani kwake. "Umeniibia kazi, sawa," alimwambia. "Na bibi zangu pia?"

"Hadithi nzuri haina mwenyewe," akasema Manukato.

Akufukuzaye hakwambii toka. Wiki ile kompyuta ya Nusu ilipelekwa kutengenezwa na haikurudi. Meza yake ikahamishiwa kando ya choo. Siku ya tatu aliondoka na mkoba wake na kopo lake la biskuti.

Ndipo ikaja zamu yangu. Manukato aliniletea mafaili nikate alama arobaini na kwenda kuzitundika hospitalini. Nilipofika ile ya shuka nilisimamisha mashine. Hadithi ya "futa" Nusu alishanisimulia, tena tuliicheka. Nilimpigia simu akaja, akasimama mbele ya meza yangu ya kazi akiziangalia zile tatu, zimekatwa, zinang'aa, zimekosea. Halafu akatabasamu, na mimi nilifurahi kuliona tabasamu lile, sitakuficha.

"Amechukua vya kwenye kompyuta," akasema. "Hakuuliza kama vimepimwa. Anadhani kazi huishia kwenye kioo."

"Nimwambie?"

"Zitundike, Fundi."

"Hata hizi tatu?"

"Hasa hizi."

Mpango aliuweka pale pale, ameegemea rundo la mbao. Hospitali ingeanza kupokea wagonjwa kesho yake, ila sherehe ya kuifungua ingekuwa baada ya wiki tatu. Wakubwa wangekuwepo, waandishi wangekuwepo, Manukato angesimama kuwasimulia bibi zake. Hapo Nusu angeingia na kopo, aombe watu wawili wowote kutoka foleni, wasio na lugha moja, awaulize mmoja mmoja mbele ya umati: hii inasema nini? Na hii? Na ile ya shuka? Mchimba kisima huingia mwenyewe, na sisi tungekuwa pembeni tumekunja mikono.

"Na wagonjwa, hizo wiki tatu?" nikauliza, maana hata mimi nina kidhamira kidogo.

"Watapotea njia kidogo. Hakuna anayekufa kwa kupotea njia."

Sikubishana, kwa kuwa ndilo jibu nililolitaka. Nilikwenda nikazitundika zote, na zile tatu nilizikaza skrubu kwa nguvu zaidi kuliko nyingine, nne kila moja, kila pembe.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Nilikuwa napita hospitalini nikijifanya nakagua kazi, kisha namletea Nusu habari. Watu walipanga foleni kwenye dirisha la maabara na vikombe vyao wakidai maji baridi, na mtaalamu wa maabara alikuwa karibu kulia. Baba mmoja mwenye mapacha alisimama mbele ya alama ya mizani akauliza kama wawili wanapunguziwa. Nusu aliandika yote kwenye daftari, na tarehe, na saa. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Chumba cha kupumzikia peke yake ndicho hakikutuchekesha sana. Kilibaki kitupu, mashuka yamekunjwa, na ndugu wa wagonjwa walilala kwenye ngazi na sakafuni. Wakipita mbele ya mlango ule walihamia ukuta wa pili. Nusu aliliandika na hilo, akafunga daftari.

Zilibaki siku tano kufika sherehe. Saa nne asubuhi akanipigia simu, sauti imekauka. Bibi Mlangoni ameshindwa kupumua, gari la kukodi halipatikani, je, kigari changu cha mizigo kipo? Nilikwenda. Tukamlaza nyuma juu ya godoro, Nusu amemshika kichwa, na Bibi Dirishani akapanda mbele kando yangu bila kuulizwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Njia nzima alikuwa amegeuza shingo, anaangalia nyuma kupitia kioo. Hospitali iliyokuwa karibu ni hiyohiyo, na sikumbuki kama hata niliwaza jambo lolote kuhusu alama.

Mlangoni walimchukua kwa kitanda cha magurudumu, Nusu akakimbia naye. Mimi nilirudi kuegesha. Bibi Dirishani alibaki ameshika mkoba wa mwenzake na kandambili zake. Haya mengine nilisimuliwa baadaye na muuguzi mwenyewe, msichana mwema, ambaye alikuwa na wagonjwa watano kwa wakati mmoja. Alimwona mzee amesimama njiani, akamshika bega kwa upole, akamgeuza, akamwonyesha kwa kidole mlango wa mwisho wa korido. Akamwambia nenda kule bibi, tutakuja kukuita. Bibi Dirishani aliyashika nusu ya maneno yale. Mengine aliyatafuta kule kidole kilikoelekea, kwenye picha.

Nilikuwa bado sijafika mapokezi niliposikia kilio. Sijawahi kusikia mtu akilia vile kwa lugha nisiyoijua na nikaelewa kila kitu. Nilikimbia. Alikuwa ameketi sakafuni chini ya alama ile, miguu ameinyoosha, kandambili za mwenzake amezikumbatia kifuani, analiita jina ambalo sikuwahi kujua kwamba analijua. Watu walikuwa wamejaa. Mwanamke mmoja asiyemfahamu alikuwa amepiga magoti kando yake analia naye. Juu ya kichwa chake zile skrubu nne zilikuwa zinanitazama, na nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Nusu alitokea wodini akikimbia. Alitazama bibi, akatazama alama, akasimama.

"Bibi, yuko hai," akasema, kisha akalirudia kwa lugha yao, mara tatu, amechuchumaa, amemshika mashavu. "Wamemwekea hewa. Anaongea. Yuko hai, bibi."

Ilimchukua muda mzee kuamini. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Halafu akainua macho juu ya mlango, akaitazama picha ile taratibu, kitanda, shuka, kichwa kilichofunikwa, na nikaona anauona mkono ulioichora. Aliongea lugha ya mtaani, ile yake ya kukata, ili yasimpite hata mmoja wetu.

"Hii nilikwambia futa."

Matroni alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya watu. Waliokuwepo walikuwa wanasikiliza. Nusu alikuwa amesubiri siku kumi na sita mtu amuulize kuhusu alama ile mbele za watu, na jibu alikuwa nalo, tena la kweli: kuna mtu ameniibia. Nilimsubiri alitoe. Nilikuwa tayari kumuunga mkono, na harufu ya yule bwana nilikuwa naisikia puani.

"Nilifuta, bibi," akasema.

"Mbona iko?"

Nusu alitazama kandambili. "Niliiona hapa. Nikaiacha."

"Siku ngapi?"

"Kumi na sita."

Bibi Dirishani alininyooshea mkono mimi, si Nusu, nimwinue. Nilimwinua. Nilitaka kumwambia aliyeikaza ni mimi, na ulimi ukanikatalia. Hilo nalisema leo, hapa, kwa mara ya kwanza.

Tulipoingia wodini Bibi Mlangoni alikuwa na mpira wa hewa puani. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta. "Huyo alikuwa ananililia mimi?" aliuliza kwa sauti ya kukoroma. Nusu akamwambia ndiyo, tumeshamnyamazisha. "Mngemwacha kidogo," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa sijui kama atalia." Bibi Dirishani akaketi ukingoni mwa kitanda, akamvisha kandambili moja, akakumbuka kwamba mtu amelala, akaivua.

Kwa upande wa Manukato, kisasi kilikuja chenyewe, na sitajifanya sikukifurahia. Siku ileile Nusu alimweleza Matroni yote, hata sehemu yake mwenyewe, akamwachia kopo. Kesho yake nilizing'oa zile tatu na kutundika zilizosahihishwa. Matroni hakumpigia Manukato simu. Alimwacha aje siku ya sherehe na suti yake, apande jukwaani, awasimulie wakubwa habari za bibi zake wawili na ubao wa jikoni. Alipomaliza kupigiwa makofi, Matroni akaonyesha viti viwili vitupu vya mstari wa mbele. "Tuliwaandalia bibi zako," akasema kwenye kipaza sauti. "Wako wapi?" Manukato akasema wamefariki. "Wote wawili?" Wote wawili. Basi Matroni akazitoa zile alama tatu mezani, akawaita wafagiaji wawili, mmoja mmoja, awaulize wanaona nini. Halafu akafungua kopo, akasoma nyuma ya kadi, kwa jina na tarehe, yale waliyoyasema bibi wawili walio hai. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Manukato. Jasho lilimtoka mpaka kola ikabadilika rangi, na manukato yote yakageuka uvundo. Aliniona, akanikwepa macho. Nilifurahi mpaka nikafika kwenye ngazi. Pale nilikumbuka watu waliolala juu yake wiki mbili na ushei, wakati chumba kipo, na furaha yote ikanitoka.

Nusu hakuja. Sasa ana ofisi yake, chumba kimoja juu ya duka la dawa, na alama za hospitali zina jina lake pembeni. Kazi mpya anazipeleka kwa bibi zake kama zamani. Bibi Dirishani anazipima, hajakataa. Anasema anachokiona, kisha kila mara anamuuliza swali moja: "Na nikikwambia futa, utafuta?" Nusu anajibu ndiyo, bibi. Kesho anaulizwa tena.

Bibi Mlangoni alirudi nyumbani wiki ya pili. Usiku wa kwanza alilivuta shuka mpaka kidevuni, akageuka kumtazama mwenzake chini ya dirisha, akaliachia hapohapo. Tangu siku hiyo analala uso wazi. Ugomvi wa miaka ishirini na mitano umekwisha, na mbu wanamla. Nusu alimnunulia chandarua, bado hakitaki. Nilipita kwao juzi asubuhi nikamkuta Nusu ameketi mbele yake na kichupa cha dawa, anampaka kwenye paji la uso na mashavuni, doa moja baada ya jingine, naye bibi amefumba macho, ametulia, anamngoja amalize.